Nimekufa na dawa mkobani: Shattered Pixel Dungeon kwa aliyelelewa na RPG

Niliuawa na kaa. Ghorofa ya nne, saa nane mchana, dukani hamna mteja, na mimi nimeegemea kaunta simu mkononi. Kaa wa gemu hii ana mbio kukushinda: ukipiga hatua moja yeye kapiga mbili, kwa hiyo kumkimbia ni kumpa mgongo wa kuuma. Hilo nilikuwa nalijua. Nikakimbia hata hivyo.

Kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Ukishakufa, gemu inakuruhusu kufungua mkoba wa marehemu, na vitu vyote ulivyokuwa huvijui sasa vinaonekana majina. Nilikuwa na chupa mbili za rangi ya feruzi ambazo nilizibeba tangu ghorofa ya kwanza bila kuzionja. Zote mbili dawa ya kuponya. Nimekufa nimezibeba.

Sasa mjue kwamba mimi nauza dawa. Duka la dawa muhimu, Tanga, mwaka wa tisa huu. Mtu wa dawa anafundishwa mambo mawili kabla hajakabidhiwa funguo: chupa isiyo na lebo haiingii kinywani mwa mtu, na dawa inayokaa rafuni bila kutoka ni hasara, maana siku ya kuisha muda inakuja usiku na mchana. Inayoisha mapema inatoka kwanza. Kazini nalijua hilo kama jina langu. Kwenye gemu nilikuwa bahili ajabu, na ubahili huo najua nilikoutoa: RPG, yaani gemu za hadithi ndefu ambamo mhusika wako anakua nguvu kadiri unavyocheza.

Niliingia kwenye gemu kwa PlayStation ya kwanza ya kaka yangu. Wenzangu walicheza mpira na kupigana, mimi nikaangukia Final Fantasy VII, ile ya mwaka 1997 iliyokuja kwa diski tatu. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokota, lakini hadithi ilinishika. Wanaoijua wanajua kwamba mwishoni mwa diski ya kwanza Aerith anauawa, na hakuna utakachofanya. Uwe umempa silaha gani, umemkuza hadi leveli gani, atakufa palepale, kila mara, kwa kila mchezaji duniani. Nililia. Nikaanza upya nikidhani nilikosea mahali.

Ndiyo RPG hiyo kwa ujumla wake. Hadithi imeshaandikwa, ramani imeshachorwa, sanduku la ghorofani lina kitu kilekile leo na mwakani. Wewe kazi yako ni kupita humo ukikua. Ukishindwa na bosi, yule adui mkubwa, unarudi porini, unazunguka unaua vinyama dhaifu saa tatu nzima mpaka leveli ipande, kisha unarudi kumkanyaga. Na katikati ya safari unapewa vitu vya thamani, kama ile Elixir inayorudisha uhai wote, unaviweka "kwa ajili ya bosi wa mwisho". Bosi wa mwisho anakufa, hadithi inaisha, Elixir zako tisa ziko palepale. Nani hajafanya hivyo anyooshe mkono.

Mali yenyewe kwenye RPG ilikuwa memori kadi, inayotunza ulipofikia. Ile ya PlayStation ya kwanza ilikuwa na nafasi 15 tu. Kaka alipouza mashine yake nilihamia kwenye banda moja la gemu mtaani, nikabeba kadi yangu mfukoni kama kitambulisho. Siku moja nikaisahau, kesho yake nikaikuta banda limeitumia kusevu mpira wa watu. Zaidi ya saa 40 zimefutwa. Mwenye banda akaniambia, "Dada, si uanze tu upya?" Sikurudi kwake.

Naeleza hayo kwa sababu Shattered Pixel Dungeon inakufutia kadi yenyewe, kwa makusudi, kila unapokufa. Na nimeicheza mwaka wa tatu sasa.

Ukoo wake ni wa zamani kuliko mimi. Mwaka 1980 vijana wawili wa Chuo Kikuu cha California pale Santa Cruz, Michael Toy na Glenn Wichman, waliandika gemu iitwayo Rogue kwenye kompyuta za chuo, baadaye akajiunga nao Ken Arnold. Haikuwa na picha. Wewe ulikuwa alama ya @, na majini yalikuwa herufi kubwa za alfabeti, A hadi Z, yanakufuata kwenye vyumba vilivyochorwa kwa nukta na mistari. Unashuka ghorofa kwa ghorofa hadi ya 26, unachukua Hirizi ya Yendor, unapanda nayo juu. Ramani inachorwa upya kila ukianza, kwa hiyo hata aliyeiandika hawezi kuikariri. Ukifa, umekufa. Gemu zilizofuata mkondo huo, NetHack ya 1987 ikiwa maarufu kuliko zote, zimebeba jina la mama yao mpaka leo: zinaitwa roguelike.

Shattered ni mjukuu wa mbali. Oleg Dolya, anayejiita Watabou, alitoa Pixel Dungeon ya Android mwaka 2012, kisha akaiachia kodi yake, yaani maandishi ya programu, hadharani. Mwaka 2014 Evan Debenham akaichukua, akaanza kuirekebisha kidogokidogo, na hajaacha. Mwaka 2023 kaongeza mhusika wa tano, mwanamke wa upanga mwembamba. Mwaka 2025 kaongeza wa sita, mtu wa dini. Hirizi ya Yendor bado ipo, na bado iko ghorofa ya 26.

Sasa gemu yenyewe. Unaanza na mpiganaji. Wachawi, wezi na wawindaji unawafungua kadiri unavyocheza. Unashuka kupitia sehemu tano, kila moja ghorofa tano: mitaro ya majitaka, gereza, mapango, mji wa vibeti, na kumbi za mashetani. Mwisho wa kila sehemu kuna bosi. Kila kitu kinakwenda kwa zamu kwenye vigae: ukipiga hatua, wote wanapiga hatua, ukisimama, dunia nzima inasimama.

Hilo la kusimama ndilo lililoniweka. Mteja akiingia anataka panado, naiweka simu kifudifudi, namhudumia, namwandikia, namrudishia chenji, naokota simu: panya yuko palepale kainua mkono anasubiri. Umeme ukikatika haijali, bando likiisha haijali, maana haihitaji intaneti kabisa. Ukiifunga inasevu ilipofika. Simu yangu ina 32GB zilizojaa picha za harusi za watu, na gemu hii haifiki hata megabaiti 100. Matangazo hakuna. Cha kununua humo ndani ili ushinde hakuna. Kwa Android ni bure. Mara ya kwanza nilidhani kuna mtego, nikasubiri wiki nzima waniombe pesa.

Turudi kwenye chupa, maana utamu uko hapo.

Kuna aina 12 za dawa na aina 12 za magombo ya uchawi. Kila ukianza upya, rangi za chupa na alama za magombo zinachanganywa kama karata. Feruzi iliyokuwa dawa ya kuponya jana, leo ni gesi ya sumu. Dhahabu iliyokuunguza asubuhi, jioni ni nguvu za mwili. Huna lebo. Njia ya kujua ni kunywa, au kukisia kwa akili.

Mara 20 za kwanza nilikuwa sinywi. Taaluma ilinikataza, na RPG ilinifundisha kuweka. Nilishuka nimebeba duka zima mgongoni na nikafa nalo. Kisha nikaanza kuona kwamba mwenye gemu hajakuacha gizani kabisa, amekuachia nyayo. Kwa mfano, unakuta chumba kimezibwa kwa mbao. Mbao hazivunjiki kwa upanga, zinaungua tu. Gemu ina adabu yake: ikikuwekea chumba cha namna hiyo, basi kwenye ghorofa hiyohiyo imekuwekea na chupa ya moto. Kwa hiyo ukimaliza kupekua vyumba vyote na umeokota chupa moja mpya ya zambarau iliyokaa peke yake, huna haja ya kuionja. Unairusha kwenye mbao. Ikilipuka moto, umepata chumba, na umeijua zambarau kwa safari nzima. Kadhalika ukikuta bwawa la samaki wenye meno na sanduku katikati: mahali fulani kwenye ghorofa hiyo ipo dawa ya kutoonekana.

Zilizobaki nazionja kwa utaratibu. Nasafisha ghorofa kwanza, asibaki adui. Nasimama karibu na maji, mlango uko hatua chache. Nikinywa moto, nakanyaga maji, unazimika. Nikinywa gesi, natoka mbio nauacha mlango ujifunge nyuma yangu, gesi inabaki ndani. Mbaya ni ile ya kupooza, ndiyo maana nasema adui asibaki. Ukishajua ile gesi ya sumu ni rangi gani, hutainywa tena. Hiyo sasa ni silaha, unaivurumisha kwenye chumba cha maadui watatu, unafunga mlango, unasikilizia. Kwa hiyo kati ya zile 12 hakuna chupa mbaya. Kuna iliyotumika vibaya na kuna iliyochelewa.

Magombo yana hesabu kali zaidi. Gombo la kuimarisha silaha utalipata mara tatu kwa kila sehemu, jumla 15 hadi mwisho, basi. Kwenye RPG ukikosea kuimarisha upanga huu badala ya ule, unazunguka porini unatafuta mwingine. Hapa ni 15. Mwanzoni nilikuwa nagawa kama biriani ya msiba, upanga mbili, vazi mbili, pete moja, fimbo moja. Nikifika mapangoni hakuna hata kimoja kinachofaa. Siku hizi nachagua kitu kimoja mapema, nakirundikia.

Na ule mchezo wa kuzunguka kuua wadogo ili ukue? Umezibwa pande zote. Ukishakuwa juu sana ya panya, panya hakupi tena kitu. Juu ya hapo kuna njaa: baada ya hatua 300 unaanza kuisikia, zikifika 450 inaanza kula uhai wako. Chakula kinapatikana kwa kipimo. Kaa akifa huacha nyama mbichi, na ukiila mbichi inaweza kukunasa miguu au kukuwasha moto. Ukiipitisha kwenye moto inakuwa salama. (Mtu wa Tanga kuambiwa achome kaa kabla ya kula! Lakini sawa.)

Hadithi ni haba, nikiri. Kuna mzimu mwenye huzuni kwenye majitaka anayekuomba umlipizie kisasi, kuna mzee wa fimbo gerezani, mhunzi mapangoni, kajini fulani mjini. Wanaongea mistari miwili mitatu. Hakuna Aerith. Anayetaka kulia kwa ajili ya mtu wa kwenye kioo asije huku. Ila kuna jambo moja hakuna RPG iliyowahi kunipa: mara nyingine ukifika ghorofa uliyofia safari iliyopita, unakuta mifupa yako, na kitu kimoja ulichokuwa nacho. Niliwahi kukuta mifupa yangu ghorofa ya saba, nikachukua shoka langu mwenyewe. Hakuna aliyeandika hadithi hiyo, lakini niliikumbuka kuanzia alfajiri ya siku ile hadi nilivyokosea mlango.

Milango, kwa njia, ijifunze mapema. Ukisimama pembeni ya mlango uliofungwa, adui anayetoka hakuoni mpaka ameshatokeza, na pigo la kuvizia halikosi. Nusu ya ushindi wangu ni hiyo. Nusu nyingine ni kukubali kushuka ngazi na kuacha ugomvi usionihusu.

Watu wa gemu hizi wana ugomvi wao wa nani ni ndugu wa damu na nani ni wa kuoa. Mwaka 2008 walikutana Berlin wakaorodhesha vipimo: kifo cha kudumu, ramani ya kubahatisha, zamu, vigae, vitu visivyojulikana na kadhalika. Kwa vipimo hivyo gemu kama Hades au Dead Cells ni binamu tu, kwa sababu ni za mikono ya haraka, na kuna unachobaki nacho baada ya kufa kinachokurahisishia safari ijayo. Mimi sina ugomvi nao, ila simu yangu haiwabebi. Shattered inafungua wahusika na changamoto, lakini nguvu haikuachii hata chembe. Shujaa wangu wa safari ya 60 alianza na upanga uleule uliochakaa wa safari ya kwanza.

Kasoro zake. Vigae ni vidogo kwa kioo chenye ufa kama changu. Mara mbili nimegusa kigae cha jirani nikaingia motoni kwa miguu yangu, na hakuna kurudisha hatua. Ipo namna ya kukuza picha kwa vidole viwili, itumie. Lugha zimejaa kwenye orodha, wanaojitolea wametafsiri nyingi, lakini Kiswahili sikukikuta, kwa hiyo asiyesoma Kiingereza atapata shida, maana maelezo ya kila kitu ni ya kusoma si ya kuona. Muziki nauzima. Mwenye duka wa ghorofa ya sita ananunua vitu vyako kwa bei ya kunyonya kisha anauza kwa bei ya sikukuu. Kama muuza duka namwelewa, kama mteja namlaani. Na bosi wa gereza, Tengu, anayepotea hapa na kutokea pale akitupa mabomu, alinikalisha miezi. Kuna siku nilidhani gemu imevunjika. Nilikuwa nasimama vibaya.

Kuna ukurasa unaoorodhesha safari zako na kilichokuua. Wangu unasomeka kama ripoti ya kituo cha afya: kaa, njaa, moto, moto, gesi, Tengu, Tengu, Tengu, moto. Ushindi wa kwanza ulikuja safari ya 63, kwa mwindaji wa kike, yule wa upinde usioishiwa mishale. Nilipomaliza bosi wa ghorofa ya 25 nilikuwa nimebakiza chupa moja. Nyingine zote nilishazinywa au nilishazirusha.

Mwenye kuitaka: Play Store, au F-Droid kwa wasiotumia Google, bure. Kwa iPhone na kwa kompyuta kupitia duka la mtandaoni la Steam inalipiwa. Kuna gemu nyingi zilizotokana na kodi ileile zenye jina la Pixel Dungeon, angalieni neno Shattered na jina la Debenham. Nyota nne na nusu. Hiyo nusu nimeikata kwa ajili ya vigae.

Mpwa wangu wa miaka 12 aliniona nacheza akaniuliza, "Mama mdogo, mbona kila siku unaanza mwanzo?" Nikamwekea kwenye simu ya mama yake. Jumapili kaja mbio kunionyesha, amekufa ghorofa ya tano, jini la uji mweusi limemshinda. Amekasirika, anasema gemu inaonea. Nikamwambia fungua mkoba. Chupa sita, rangi nne, hakuna hata moja aliyoigusa.

"Nilikuwa naziweka," akasema, "kwa ajili ya bosi."

"Na yule aliyekuua ni nani?"

Akaiangalia simu muda, akabonyeza kuanza upya.